Nairobi Haina Uhaba Wa Wachoraji, Ina Uhaba Wa Makanga Wa Sanaa

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliripoti Gredi ya 10. Sasa mtoto wa miaka kumi na tano anaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Michezo, akaketi darasani akisomea kuchora bila kuonekana amekosea njia, na mwenzake wa sayansi yuko darasa la pili. Kwenye karatasi, stori iko fiti. Lakini huku mtaani mathe bado ana lile swali lake moja: "Sasa wewe utakula rangi?"

Hebu tusimcheke mathe. Swali lake halijatoka hewani. Ameona wasee wenye talanta noma wakiishia kuandika bei ya nyama kwa ukuta wa butchery na kuchora vichwa vya watu nje ya kinyozi. Ameona msee akimaliza mchoro wa miezi miwili, halafu mchoro ukae nyuma ya sofa mpaka panya waukague. Shida iko kwa majibu tunayompa.

Kila mtu akitaka kumtuliza mzazi hutaja majina mawili. La kwanza ni Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa 1984, ambaye mchoro wake The Conservationists uliuzwa kwa mnada wa Sotheby's, New York, Novemba 2019 kwa dola milioni 1.5. La pili ni Wangechi Mutu, ambaye mwaka huo huo sanamu zake nne za shaba zilisimama mbele ya jumba la makumbusho la Met, New York, zikitazama barabara kama zenye nyumba.

Ni kweli na ni fahari yetu. Lakini kumpa mzazi jibu hilo ni kama kumwambia kijana wa Dandora aache shule akacheze boli kwa sababu Wanyama alifika Tottenham. Armitage alisomea London, Mutu akasomea Marekani. Halafu kuna kitu watu hawasemi: zile dola milioni 1.5 hazikuwa mauzo ya Armitage. Mnada kama ule huuza kazi ambayo msee mwingine aliinunua kitambo, na faida ni ya aliyeinunua. Jina linapaa, lakini pesa inaenda kwa mwingine.

Kati ya keja ya chumba kimoja Umoja na mnada wa New York kuna ngazi nyingi sana. Nairobi haijawahi kukosa wa kuchora. Imekosa wa kujenga hizo ngazi.

Makanga ni nani kwa hii stori

Fikiria matatu ya Rongai. Dere anaweza kuwa mkali vipi, ngoma ipige, michoro ya nje iwe moto kuliko zote kwa stage. Bila makanga hiyo gari itatoka tupu. Makanga ndiye anajua abiria wako wapi, nauli ya saa hii ni ngapi, nani akae mbele na nani asukumwe nyuma, na karau wako kona gani. Yeye haendeshi, lakini gari haiendi bila yeye.

Kwa sanaa, huyo mtu huitwa kyureta. Ukisikia hilo neno usishtuke ukadhani ni cheo cha watu wa Karen. Kyureta ni msee anayeamua kazi gani zikae pamoja, kwa nini, na kwa mpangilio gani, ili mtu akiingia chumbani atoke na kitu kichwani. Yeye ndiye huandika yale maelezo ya ukutani. Ndiye huandika barua za kuazima kazi, hupanga lori, huhesabu misumari, huita wanahabari, na maonyesho yakiisha huhakikisha kila mchoro umerudi kwa mwenyewe bila kuchanika.

Usimchanganye na mwenye galari. Mwenye galari anauza, na hilo si dhambi, ndiyo biashara yake. Kyureta anajenga hoja. Anasema hawa wachoraji watano wa Eastlands wanazungumza kuhusu kitu kimoja, na huyu mzee wa Ngecha alikisema miaka thelathini kabla yao. Hoja ikikubalika, bei hufuata. Makumbusho hununua, vitabu huandikwa, na mchoro huacha kuwa pambo la ukuta unakuwa sehemu ya historia.

Kiti kikibaki wazi, kuna mtu atakikalia

Kama unaona hii ni stori ya watu wa mvinyo, kumbuka Venice.

Kule Italia kuna maonyesho makubwa ya sanaa, Venice Biennale, ambapo nchi huwa na banda lake kama Kombe la Dunia. Kenya ilipata banda kwa mara ya kwanza 2013. Wakenya waliokuwa ndani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, wengi walikuwa Wachina na Waitaliano. Tukanung'unika kidogo, tukanyamaza. Mwaka wa 2015 orodha ilipotoka tena, wengi walikuwa Wachina. Bendera yetu, jina letu, wasanii wa kwingine.

Safari hiyo wasee waliwaka. Wasanii wa Nairobi waliteta mpaka wizara, chini ya waziri Hassan Wario, ikajitenga na lile banda. Michael Soi, yule wa michoro ya China Loves Africa, alitengeneza kazi kadhaa za kuwachana waliohusika. Kenya ilipata aibu, lakini pia ilijifunza.

Swali ni hili: ilikuwaje mtu wa nje akapanga banda la Kenya? Jibu rahisi ni ufisadi na uzembe, na hatuwezi kuuondoa mezani. Lakini kulikuwa na pengo pia. Hakukuwa na ofisi wala kikundi cha watu wa kupanga sanaa ambacho serikali ilikuwa imezoea kukipigia simu. Kiti kilikuwa wazi. Kiti kikiwa wazi Nairobi unajua kinachofuata, hata parking iko hivyo.

Angalia kilichotokea kiti kilipopata mtu. Mwaka wa 2017 Jimmy Ogonga, msanii na kyureta wa hapa hapa, alipanga banda la Kenya lililokuwa na kina Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Richard Kimathi, Arlene Wandera na Mwangi Hutter. Mwaka wa 2022 akarudi na Dickens Otieno, Syowia Kyambi, Kaloki Nyamai na Wanja Kimani. Nchi ni ile ile na wasanii ni wale wale waliokuwepo 2015. Tofauti ni nani alikuwa amekaa kwa kiti cha kupanga.

"Tukutane Archives"

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kila mtu wa Nairobi amewahi kuambiwa "tukutane Archives." Tunasimama pale nje Moi Avenue, tunapiga simu, tunauliza "umefika wapi?", tunaondoka. Wangapi wamewahi kuingia ndani?

Chini pale kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, aliyeshika kiti hicho 1966. Mzee huyo alikuwa mgonjwa wa sanaa kwa njia nzuri. Alikusanya vinyago, nguo, mapambo, vitabu na stempu kutoka Afrika nzima, na pamoja na Alan Donovan akaanzisha African Heritage miaka ya 1970. Aliuzia serikali mkusanyiko na nyumba yake ya Muthaiga kwa matumaini kwamba nyumba ingekuwa kituo cha masomo ya Afrika. Nyumba iliachwa, ikaharibika, ikabomolewa. Mkusanyiko ulipona, na leo uko pale Archives na kwa Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya PC.

Kwa hivyo vitu tunavyo, tena katikati ya mji. Kinachokosekana ni watu wa kutosha wa kuvisemesha, wa kuvipanga upya, wa kumfanya kijana wa Pipeline aone kuna sababu ya kuingia akisubiri dem wake aliyechelewa.

Na vingine haviko hata hapa. Mwaka wa 2021 maonyesho ya Invisible Inventories pale Nairobi National Museum yaliwaambia Wakenya jambo zito: watafiti walikuwa wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho ya nje. Hiyo kazi haikuhitaji brashi hata moja. Ilihitaji wasee wa kuandika barua, kuuliza, kujaza majedwali na kupanga chumba. Hiyo ni kazi ya kyureta, na nchi nzima ilichanuka kwa sababu yake.

Mbogi kwanza, galari baadaye

Sasa turudi kwa yule kijana anayeanza. Ushauri anaopewa mara nyingi ni: chora, weka Instagram, subiri galari ikuone. Historia ya sanaa ya Kenya inasema kinyume. Karibu kila mlango uliofunguka hapa ulifunguliwa na wasanii wenyewe wakiwa kikundi.

Elimo Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa 1965, ilipokuwa karibu hakuna pa Mwafrika kuonyesha kazi yake mjini. Gallery Watatu iliitwa hivyo kwa sababu walioianza mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wasanii watatu. Shine Tani, aliyekuwa akipiga sarakasi mitaani, alianzisha kikundi cha Banana Hill 1992 na leo jina hilo ni galari inayojulikana. Kibera kuna Maasai Mbili, kikundi kilichoanzishwa 2001 na wachoraji wawili wa mabango, kazi ile ile mathe anaiogopa. Buruburu ikatoa Brush Tu 2013.

Halafu kuna Wajukuu wa Mukuru. Hawa ni wasee walioamua kufanya sanaa katikati ya mabati na kufundisha watoto wa mtaa kuchora. Mwaka wa 2022 walialikwa documenta, maonyesho ya siku 100 yanayofanyika kila miaka mitano Kassel, Ujerumani, yakiwa kati ya makubwa zaidi duniani. Walichukua mlango wa jumba mojawapo wakaugeuza kuwa njia ya mabati yaliyochakaa, Mukuru ikahamia Ulaya. Wakarudi na tuzo ya Arnold Bode. Nest Collective pia wa Nairobi walikuwepo, wakajenga banda la marobota ya mitumba kwa bustani ili Wazungu waone nguo zao za zamani huishia wapi.

Angalia kitu kimoja: waliokuwa wanapanga documenta mwaka huo walikuwa ruangrupa, kikundi cha wasanii kutoka Indonesia. Kikundi kiliita vikundi. Wajukuu walikuwa na mahali pao, kazi ya miaka mingi, na watu wa kusimulia ilivyoanza. Mchoraji aliyejifungia kejani peke yake asingeonekana, hata kama mkono wake ni moto kuliko wote.

Vikundi pia vina noma yake, tusidanganyane. Kuona Trust ilianza 1995 na ilikuza karibu kizazi kizima cha wasanii wa Nairobi. Kufikia 2017 masuala ya usimamizi na pesa yalikuwa yameiangusha, na wasanii waliokuwa na studio pale wakajipanga upya kama Kuona Artists Collective ili wasifungiwe nje. Somo lake: mahali pa sanaa huuawa na vitabu vya hesabu kuliko kukosa talanta. Kwa mbogi yenu lazima kuwe na mtu anayejua ni nani amelipa kodi ya studio mwezi huu.

Hesabu ya mchoro mmoja

Tuseme umeuza mchoro kwa shilingi 60,000. Wasee wa kwenu watasema umeomoka. Hebu tupige hesabu.

Galari nyingi hubaki na kati ya asilimia 30 na 50. Tuchukue 40. Hapo shilingi 24,000 zimeenda, umebaki na 36,000. Toa kanvasi, rangi, fremu, na gari la kubeba mchoro kwenda na kurudi. Toa kodi ya studio ya miezi miwili uliyouchora. Kumbuka pia kwamba galari hulipa baada ya mnunuzi kulipa, na mnunuzi ana kalenda yake. Wewe landlord wako ana kalenda nyingine.

Hiyo haimaanishi galari ni wezi. Ile asilimia hulipa nyumba, taa, wafanyakazi, na muhimu zaidi, orodha ya wanunuzi ambayo wewe huna. Mnada wa Circle Art, ulioanza 2013, umesaidia kuonyesha hadharani kazi za Afrika Mashariki zinauzwa bei gani, kitu ambacho zamani kilikuwa siri ya wachache. Lakini hesabu hii inaonyesha kwa nini anayeanza hawezi kukaa akisubiri galari pekee.

Njia nyingine ipo. Wasee wanane mnaweza kuchanga shilingi 3,000 kila mmoja, mpate 24,000. Mnatafuta ukumbi wa kanisa, duka tupu, ua wa shule wakati wa likizo. Mmoja wenu asiwe na mchoro hata mmoja ukutani: kazi yake ni kupanga. Achague kazi kumi na sita kutoka kwa arobaini mlizoleta, akatae zingine na aeleze kwa nini. Aandike maelezo ya maneno mia mbili kwa lugha ambayo mama mboga ataelewa. Apige picha za chumba kizima kabla watu hawajaingia. Aweke orodha ya bei mlangoni, na kitabu ambacho kila mgeni ataandika jina na nambari.

Mkiuza kitu, poa. Msipouza, bado mmetoka na vitu vitatu ambavyo Instagram haiwezi kuwapa: rekodi ya maonyesho kwa CV zenu, picha za kuombea fursa zingine, na orodha ya watu sabini waliotoka kwao kuja kuona. Wa kupanga naye ametoka na maonyesho yake ya kwanza. Msimtoe bure, mpeni asilimia ya mauzo, hata kama ni kidogo, na muiandike kabla ya siku yenyewe.

Baada ya hapo milango mingine huwa rahisi kugonga. Kenya Museum Society huwa na Affordable Art Show pale makumbusho ambapo bei ina kikomo, kwa hivyo mnunuzi wa kwanza hupatikana. Kuna Manjano ya GoDown. Kuna Alliance Française na Goethe-Institut kwa maonyesho ya katikati ya mji. Kote huko watakuuliza umewahi kuonyesha wapi, na "kwa ukumbi wa kanisa Kayole, na hizi hapa picha" ni jibu halali kabisa.

Soma karatasi kabla ya kupanda ngazi

Hapa ndipo wasee wengi huchomeka, na hakuna anayewaambia mapema.

Ukichora mchoro wako mwenyewe ukauuza, mnunuzi amenunua kile kitu cha ukutani. Hakimiliki bado ni yako mpaka uiuze kwa maandishi. Hawezi kuuchapa kwa fulana elfu moja bila wewe.

Lakini ukiitwa na kampuni kuchora ukuta wao, mambo hugeuka. Chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa kufanya inachukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Rudia hayo maneno ya mwisho. Ndiyo maana msee anaweza kulipwa mara moja kwa mchoro wa ukuta, halafu auone kwa tangazo la mwaka mzima na asiwe na pa kulilia. Sentensi moja kwa mkataba, kwamba hakimiliki inabaki kwa msanii na mteja anaruhusiwa kuitumia kwa hili na lile pekee, ingebadilisha kila kitu.

Na ile stori ya mnada niliyoanza nayo? Marekebisho ya sheria ya 2019 yaliweka haki ya mauzo ya pili: kazi ikiuzwa tena kibiashara, kwa mnada au galari, msanii anastahili asilimia 5, kwa masharti yaliyowekwa. Lakini sheria haiwezi kukutafuta. Lazima ijulikane kazi ni yako, ulifanya lini, na ulimuuzia nani. Kama hukuandika, hiyo asilimia 5 ni hewa.

Mbona haya yako kwa stori ya kyureta? Kwa sababu kuandika jina la kazi, mwaka, saizi, rangi iliyotumika, bei na mahali ilipoenda ndiyo kazi ya kwanza kabisa ya kyureta. Msee wa kupanga akianza kufanya hivyo kwa wenzake wanane leo, miaka kumi baadaye ameshika historia ambayo hakuna chuo kinayo.

Bila digrii inawezekana?

Hata bila digrii ya sanaa inawezekana, na baadhi ya mifano mikubwa ya bara hili inathibitisha. Okwui Enwezor wa Nigeria alisomea siasa Marekani na alikuwa mshairi. Hakusubiri kuajiriwa: 1994 alishirikiana kuanzisha jarida la Nka kuhusu sanaa ya Afrika, na 2002 ndiye alikuwa anaongoza documenta nzima. Koyo Kouoh, mzaliwa wa Douala, Kamerun, alisomea mambo ya benki Uswisi kabla hajaingia sanaa. Alianzisha RAW Material Company Dakar, akaongoza Zeitz MOCAA ya Cape Town kuanzia 2019, na mwishoni mwa 2024 akachaguliwa kupanga Venice Biennale ya 2026. Alifariki Mei 2025 kabla ya kuuona mlango ukifunguka, na pengo lake linasikika hadi leo. Bisi Silva wa Lagos, baada ya kufungua kituo chake 2007, alianzisha Àsìkò, shule ya kusafiri iliyozunguka miji ya Afrika ikifundisha vijana kupanga sanaa.

Wote watatu walijenga kitu chao wenyewe: jarida, kituo, shule. Hakuna aliyekaa akingoja kuitwa. Hapa kwetu Armitage mwenyewe ameelewa hilo. Badala ya kurudi nyumbani na jina pekee, 2020 alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute, na taasisi hiyo ikampa nafasi mzee Sane Wadu, yule mwalimu aliyeacha chaki akaanza kuchora, watu wakamwita mwendawazimu, naye akajibu kwa kujiita Sane. Kijana akiona kazi za Sane Wadu za miaka mingi zikiwa chumba kimoja, anajua hakuanzia sufuri.

Lakini mulla iko wapi?

Hilo ni swali la haki, na jibu lake si tamu. Makyureta wa Kenya wanaoishi kwa kazi hiyo pekee ni wachache. Pesa nyingi za maonyesho hutoka kwa balozi na vituo vya kitamaduni vya nje, na anayelipa huwa na mada zake. Mwaka huu ni mazingira, mwaka ujao ni uhamiaji, na ghafla kila mchoraji wa Nairobi anachora plastiki baharini. Kyureta mchanga anayeomba hizo pesa lazima ajue wakati wa kusema hapana, na hapana ni ngumu ukiwa umesota.

Kuna mtego mwingine pia. Msanii anayepanga akijiweka kwa kila maonyesho anayopanga, tena kwa ukuta wa mbele, wenzake watachoka naye haraka. Na mtu anayekuahidi "utajulikana" badala ya malipo, muulize kama landlord wake huwa anapokea kujulikana.

Serikali nayo haiwezi kukwepa. Imefungua mkondo wa Sanaa kwa shule, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kama kaunti hazitatoa kumbi, kama makumbusho hayatachukua vijana wa kujifunza kazi kwa malipo, na kama mtoto wa shule iliyochagua Sanaa hatawahi kupelekwa hata Archives, tutakuwa tumefundisha madereva elfu nyingi na kusahau kwamba stage haina makanga. Darasa hilo la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Si mbali.

Kwa hivyo mathe, kabla hujamuuliza kijana kama atakula rangi, muulize maswali mengine. Kazi zake ziko ngapi na ameziorodhesha wapi? Mbogi yake ni kina nani? Kati yao, nani anajua kuandika, nani anajua hesabu, nani anaweza kusimama mbele ya watu akaeleza kwa nini hizi picha ziko pamoja? Kama huyo wa mwisho ni mtoto wako na hata hapendi kushika brashi, usihuzunike. Huenda ndiye atakayeshika kazi kabla ya wengine wote.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umesimama nje ya Archives ukimngoja mtu: ingia ndani. Halafu utuambie, ungeipanga vipi?